Mswaki wa Nyota

Kazi yangu ilikuwa nyota.
Yeye alichora vyombo, nyuso, mabomba,
na kutu, hasa kutu, ambayo hakumwachia mtu.
Mimi nilipewa mswaki uliochakaa
na kikopo cha rangi nyeupe.
Unachovya, unalenga, unapitisha kidole gumba,
na mbingu inatapakaa kwenye karatasi nyeusi.
Miaka kumi na tisa.
Ukucha wangu haujarudi rangi yake.

Chumba cha mikeka minne na nusu, Nerima,
juu ya duka la muuza tofu.
Saa kumi alfajiri mashine yake ilianza kusaga soya chini yetu
nasi tukajua: mhariri yuko njiani.
Jiko la mafuta ya taa, tambi za pakiti,
watu wanne, meza mbili,
na Minegishi Hatsue, taulo kichwani
kama fundi aliyetoka tanurini.

Na kweli alitoka tanurini.
Baba yake alifua chuma Muroran,
mji ambao theluji huanguka ikiwa tayari na masizi.
Alirudi jioni na vumbi jekundu kwenye kope;
mtoto alimpangusa kwa kitambaa cha maji,
jicho la kulia, jicho la kushoto.
Ndiyo maana roboti wake,
tangu yule wa kwanza,
wote wana kope.

"Wasichana hawasomi roketi," alisema Bwana Udagawa,
mhariri mwenye jino la dhahabu.
"Wachoree maua."
Akachora ua.
Liliota kwenye kiungo cha bega la mashine
iliyosahauliwa mwezini miaka mia tatu
ikisubiri amri ya kurudi nyumbani.
Kufikia Alhamisi jarida halikupatikana popote.

Nikiri jambo.
Usiku wa sura ya arobaini na moja nilisinzia,
tone likaruka
likatua chini ya jicho la Nambari Saba.
Nikachukua wembe nilikwangue.
Akanishika mkono. "Liache."
Hakusema zaidi, alikuwa anapuliza wino.
Kuvuja kwa pakacha:
wiki ile barua zilijaa magunia mawili,
zote zikiuliza kwa nini Nambari Saba analia.
Hakumjibu yeyote.
Wala mimi.

Baadaye walikuja vijana wenye rula mpya.
Waliijua kutu yake, kila doa;
tanuri hawakulijua.
Yeye aliwapa chai, akawasifia mistari,
wakiondoka akafungua dirisha.

Akaja na mhandisi kutoka Tsukuba,
mwanamke wa suti ya kijivu.
Alileta skrubu kwenye kisanduku cha hariri.
Pacha wa hii, alisema, yuko juu sasa hivi, anazunguka.
Nilisoma Nambari Saba chini ya blanketi, kwa tochi.
Akainama mpaka nywele zikagusa mkeka.
Minegishi akaigeuzageuza skrubu kwenye mwanga.
"Itashika kutu?"
"Huko hakuna hewa, Mwalimu. Haitashika kamwe."
Akawa kama mtu aliyeibiwa.

Ule mwaka aliouchora ujanani,
wenye magari yanayoelea na bustani chini ya bahari,
ulipofika alinunua kalenda, akaitundika,
akachemsha maji kwa birika lile lile
lenye mpini uliofungwa waya.
"Tumefika," akaniambia. "Vua viatu."

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.
Wahakiki wakasema amebuni mtindo.
Alicheka hadi akakohoa.

Ukurasa wa mwisho niliukuta mezani:
weusi mtupu, ameujaza mwenyewe,
wino umevuka mpaka pembe mbili.
Hakuna chombo. Hakuna uso.
Pembeni, kwa penseli, jina langu na mshale.

Mswaki ninao, umekauka, mgumu kama kwato.
Kuna asubuhi nafungua kikopo,
nanusa rangi,
nakifunga.
Chini, mashine ya soya ilishauzwa zamani;
hakuna wa kuniambia kwamba mhariri yuko njiani.